SOMO: Kuchagua miamba ya kukwea, safari ya Mtwara hadi Masasi

Somo hili ni la kundi lenye gari moja, siku tatu au nne na viatu vya kukwea. Wengi huanza kupanga kwa gredi, yaani viwango vya ugumu wa njia: nani yuko 6a (kwa kamba), nani anamudu V3 (mawe mafupi bila kamba). Huku anza na kivuli. Ukifika saa 6 mchana chini ya ukuta mweusi uliopigwa na jua tangu asubuhi, vidole vinateleza kwa jasho, na gredi uliyozoea inashuka mbili.

Hatua ya 1: Chagua jiwe

Matumbawe ya pwani, kuanzia Mikindani na kwingineko, yanavutia kwa macho tu. Yanakata vidole, yanakata kamba, na bamvua likijaa huna pa kusimama. Bolti, yaani vyuma vinavyotobolewa kwenye mwamba ili kushika kamba, nazo haziaminiki kando ya bahari: hata chuma kisichoshika kutu hupasuka kwa ndani kwa sababu ya chumvi huku nje kinang'aa. Wakweaji wa Thailand walihamia bolti za metali ya titani kwa sababu hiyohiyo. Pwani kula pweza, kisha songa mbele.

Genge la Makonde, upande wa Ndanda na Newala, lina mandhari nzuri, lakini jiwe lake kwa sehemu kubwa ni la mchanga. Likwaruze kwa ufunguo. Mchanga ukimwagika, achana nalo.

Kinachobaki ndicho kizuri: vilima vya mawe vya Masasi. Ni naisi, ndugu wa granaiti, vinachomoza ghafla kwenye tambarare kama migongo ya viboko. Mjiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt alizunguka kusini hii miaka ya 1890, akaviita vilima vya namna hii "vilima-visiwa", na leo wanajiolojia huviita kwa jina lake. Lami inafika: Mtwara, Mingoyo, Ndanda, Masasi, takriban kilomita 200.

Hatua ya 2: Panga mwezi na upande

Mvua huku kwa kawaida ni Desemba hadi Aprili. Nenda Juni hadi Septemba. Sasa sikiliza vizuri, maana vitabu vya Ulaya vitakupoteza: tuko kusini ya ikweta, na Juni jua la mchana liko kaskazini. Ukuta wima unaotazama kusini ndio wenye kivuli mchana. Unaotazama magharibi una kivuli hadi adhuhuri, wa mashariki kuanzia hapo. Shika dira ya simu, andika upande wa kila ukuta, ndipo upange ratiba. Kwenye bapa la wazi, yaani mwamba uliolala usio na kivuli, kwea saa 12 hadi saa 3 na nusu asubuhi, kisha urudi saa 10 jioni.

Hatua ya 3: Gonga kabla ya kushika

Jiwe la huku hubambuka maganda kama kitunguu, kwa joto la mchana na baridi ya usiku. Piga kwa kisigino cha kiganja. Mlio mzito, salama. Mlio wa mtungi mtupu, hilo ni ganda: usilivute, usifunge kamba hapo, na mshika kamba asikae chini yake.

Kwa mawe mafupi ya kukwea bila kamba, tazama mambo mawili: unaangukia wapi, na unashukia wapi. Jiwe la mita 4 lenye uwanda wa mchanga ni bora kuliko la mita 3 juu ya mawe yaliyochongoka. Zunguka nyuma uone njia ya kushuka kabla hujapanda.

Hatua ya 4: Kamba

Usitegemee kukuta bolti. Panga kamba inayopita juu. Kamba ya mita 60 inatosha ukuta wa mita 28 hivi, kwa sababu inapanda na kushuka. Ncha ya chini ipigwe fundo, daima. Tatizo ni vilele: ni mviringo kama kipara, na mti wa kufungia huwa mbali na ukingo. Beba mita 30 za kamba isiyovutika, na kipande cha zulia cha kuilinda inapopinda kwenye jiwe. Funga sehemu mbili, zisitegemeane. Anayekwenda kuchungulia ukingoni ajifunge kwanza. Kipara huteremka taratibu, ukishtuka huwezi kurudi.

Hatua ya 5: Ruhusa

Mwone mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, ueleze unachofanya na siku ngapi. Kuna vilima vya matambiko; ukiambiwa hapana, ni hapana. Kilima kikiwa ndani ya hifadhi ya msitu, kibali ni cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, hatuna magodoro ya kuangukia. La kulalia linafaa?*
Halifai. Linabonyea hadi chini, kisigino kinagonga jiwe. Mpe fundi wa makochi kazi: sponji ngumu sentimita 3 juu, laini sentimita 8 chini, upana mita 1 kwa 1.3, ganda la turubai. Ukigeuza, laini ikae juu, kifundo cha mguu kinazama na kupinda. Magodoro mawili yasiachiane pengo.

*Tunaweza kutoboa na kuweka bolti zetu?*
Bila ruhusa ya wenye kilima, hapana. Na bila mtu aliyefundishwa, hapana pia. Bolti kwenye ganda ni mtego kwa atakayekuja baada yako.

*Nyuki je?*
Hupenda kukaa chini ya miamba iliyojitokeza na kwenye nyufa pana. Simama kimya dakika tano, tazama juu, sikiliza. Wakivamia, mshushe mkweaji mara moja, kimbieni mbali, msijilaze.

*Dada zangu wawili wamerudi wanawashwa mikono kutoka vichakani.*
Huo ni upupu. Maganda yake hukauka msimu huohuo wa kukwea. Wasijikune. Wabandike selotepu juu ya ngozi waivute, wairudie kwa kipande kipya, ndipo waoshe kwa sabuni. Nguo zifuliwe peke yake, na kamba ikung'utwe kabla haijaingia kwenye gari.