Bajeti Ikipunguzwa, Fuata Pesa za Wazee Hivi

Serikali ya Kenya ikitangaza inabana matumizi, usingoje redio ikwambie pesa za wazee zimekatwa. Hazikatwi hivyo. Zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwasaidia wazee na wengine wasiojiweza, ni zilezile tangu 2018, mpango ulipofunguliwa kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi asiye na pensheni ya Serikali, na bei ya unga haikuzingoja. Ukitaka kujua kama mzee wako amepunjwa, anza na daftari.

Piga mistari upate safu tatu: mwezi wa malipo, siku pesa zilipoingia, na zilikokwenda. Mimi humwandikia mama hapa Likoni, na safu ya tatu ndiyo inayoniuma. Malipo yakichelewa miezi miwili kisha zikaja 4,000 kwa mpigo, karibu zote huishia kwa mwenye duka aliyemkopesha unga, mafuta ya taa na dawa za presha. Kumcheleweshea mzee ni kumpunguzia, hata kama kwenye vitabu vya Hazina jumla haijaguswa.

Kisha tafuta bajeti ya ziada, ile ya kubadilisha bajeti iliyokwishapitishwa, inayopelekwa Bungeni chini ya Kifungu cha 223 cha Katiba. Huna haja ya kuisoma yote. Nenda kwenye fungu la ulinzi wa jamii na wazee, ulinganishe kilichopitishwa mwanzo na kilichobaki, halafu utazame safari, magari na ukarabati wa afisi. Watakuja wa kukwambia sote tujinyime sawa. Sikubali. Asilimia 10 ikitoka kwenye safari, semina inaahirishwa. Ikitoka kwa mama ni shilingi 200, na mama hana cha kuahirisha ila chakula.

Sasa andika barua ya ukurasa mmoja kwa kamati ya bajeti ya Bunge, ambayo Kifungu cha 221 kinaitaka isikize maoni ya wananchi kuhusu makadirio. Taja Kifungu cha 57: wazee wana haki ya kutunzwa na familia na Serikali pia. Ambatisha nakala ya daftari, ufiche namba ya kitambulisho. Omba jambo moja tu, tarehe maalumu ya malipo.

Ukitaka takwimu kutoka afisi yoyote ya umma, iombe kwa maandishi. Sheria ya 2016 ya kupata habari inawapa siku 21 kujibu. Nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe kabla hujaondoka dirishani.