Kabla hujamwita mtu wa skrepa: gari la zamani livunjwe au lihifadhiwe?

Duka langu liko Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanaita Grogan. Nauza vipuri vya Peugeot na Datsun, vingi vya magari ambayo vijana wa siku hizi wameyaona kwenye picha za harusi za wazazi wao tu. Kila mara huja familia nzima na swali moja: gari la mzee limekaa miaka juu ya mawe, tulifanyeje? Kaka mkubwa anataka lihifadhiwe kwa sababu ndilo lililomfundisha kuendesha. Dada anataka nafasi ya kuegesha lake. Shemeji ameshaongea na mtu wa skrepa, na bei wameshapatana.

Mjue mapema kwamba gari likivunjwa mimi hufaidika, maana mlango na taa zake zitaishia kwenye rafu zangu. Hata hivyo wengi huwaambia wasubiri kwanza. Familia nyingi hufika zikiwa zimeangalia injini peke yake. “Mama, injini imekufa, sasa iko nini tena?” Injini ndiyo inayonisumbua kidogo kuliko vyote. Injini ya Peugeot 504 naweza kukutafutia kabla ya jioni. Kioo cha mbele cha 504 Coupé, ile ya milango miwili, siwezi kukuahidi hata mwakani.

Anza na karatasi

Toa logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Tazama limeandikwa jina la nani. Kama mwenyewe ameaga dunia, hakuna mtu katika familia mwenye ruhusa ya kuuza hata bampa mpaka kuwe na hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinafanya kuingilia mali ya marehemu kuwa kosa la jinai, na hakimu hatajali kwamba uliuza redio tu. Kuna kijana aliwahi kuniletea milango miwili ya Peugeot 404 juu ya mkokoteni, milango mizuri ajabu, bado na vitasa vyake. Nikamuuliza gari ni la nani. La nyanya, amezikwa juzi. Nikamwambia, “Mwanangu, irudishe kabla shangazi zako hawajahesabu.”

Kisha linganisha namba za logibuku na namba zilizo kwenye gari lenyewe: ya chesisi na ya injini. Futa vumbi, piga picha, andika. Peugeot nyingi za Kenya zilibadilishwa injini njiani zikawekwa ya Toyota au Nissan kwa sababu fundi alikuwa nayo karibu. Hilo haliliui gari, lakini mtu anayenunua gari la kale kwa bei ya gari la kale ataliuliza, na bora ujue jibu kabla yake. Kama gari bado lina namba ya zamani, herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho, za kabla ya mfululizo mpya ulioanza na KAA, usiibandue bamba ukaitundika sebuleni. Iache mahali pake.

Bodi ndiyo inayoamua

Hapa ndipo nakuomba utumie muda. Kwanza ujue gari lako limejengwaje. Land Rover za Series, zilizoanza kutoka mwaka 1948, zina fremu ya chuma chini na bodi ya alumini juu. Fremu ikioza, inabadilishwa, na gari linaendelea kuwa gari lile lile. Volkswagen ya kobe nayo, bodi yake inafunguliwa kwa bolti kutoka kwenye sakafu. Lakini Peugeot 404, 504, Datsun 160J na Mercedes nyingi za wazee wetu hazina fremu iliyo kando na bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, kama yai. Ukingo wa chini ya milango ukiisha kwa kutu, gari linajikunja katikati. Utaliona: fungua mlango wa mbele huku gari limesimama kwa magurudumu yake, uone kama unakataa kufungika tena sawasawa. Mlango ukiwa umeshuka na bawaba ni nzima, kazi si ndogo.

Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa isikwaruze rangi, uipitishe pole pole. Mahali inapodondoka pana puti, ile plasta ya kujazia bodi. Puti kidogo kwenye kona ya bampa ni ajali ya kawaida ya Nairobi. Puti kwenye ukingo wa chini ya mlango ina maana kwamba kuna mtu alifunika shimo badala ya kuchomelea bati. (Kwenye Land Rover usijisumbue, alumini haishiki sumaku popote.) Kisha bisibisi: inua kapeti zote, za mbele na za nyuma, toa gurudumu la spea, gonga sakafu kwa mpini. Mlio wa chuma ni mzuri. Mlio mzito unaofanana na mbao iliyolowa, geuza bisibisi ubonyeze kwa ncha. Tazama pia pale juu ambako shokapsoba za mbele zimefungwa, chini ya boneti, na pembe za kioo cha mbele ambako mpira ukizeeka maji huingia kimya kimya hadi miguuni pa dereva.

Uliza gari limeishi wapi. Gari lililokaa Nairobi au Nanyuki maisha yake yote na lililokaa miaka kumi Nyali ni vitu viwili tofauti, hata kama yalitoka siku moja. Chumvi ya pwani haionekani kwenye rangi. Inaanzia ndani.

Uamuzi wangu wa bodi ni huu: kama kutu imekula mahali pawili au patatu panapoonekana, na fundi wa bodi anaweza kufika kwa welda bila kulikata gari nusu, lihifadhi. Kama imeingia kwenye kingo za pande zote mbili, sakafu, na pale shokapsoba zinaposhikilia, basi hilo limeshakuwa ghala la vipuri, labda liwe la aina ambayo nitaitaja sasa hivi.

Adimu kwa maana gani?

504 ya kawaida ilikuwa gari la watu, teksi na ambulansi. Ulaya iliichagua gari la mwaka 1969, na hapa iliunganishwa hapa hapa nchini kwa miaka mingi. Hata hivyo zimepungua, na 504 saluni isiyooza sasa hunisimamisha barabarani. Coupé na ile ya paa la kukunja, zilizochorwa na Pininfarina, hazikuwa nyingi tangu mwanzo. Station wagon yenye viti vya safu tatu ilitumika mpaka ikaisha, ndiyo maana iliyobaki nzima ina thamani kuliko watu wanavyofikiri.

Kisha kuna hadithi za mbio za magari za Safari Rally. Karibu kila Peugeot na Datsun iliyoegeshwa Lang'ata huwa, kwa mujibu wa mwenyewe, ilikimbia Safari. Magari yaliyoshinda yanajulikana: 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ove Andersson alishinda na 504 mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas na 504 Coupé ya V6 mwaka 1978, na Shekhar Mehta akazoa mara nne mfululizo na Datsun kuanzia 1979 hadi 1982. Kama lenu lilishiriki, hata kwa kumaliza la mwisho, tafuteni ushahidi: picha yenye namba ya usajili inayosomeka, barua, kibandiko cha mashindano, matundu ya ziada kwenye sakafu ambako mihimili ya ndani ilifungwa. Msitupe mbao chafu iliyo ndani ya buti kabla ya kuigeuza muone upande wa pili. Volvo PV544 ambayo Joginder Singh alishinda nayo mwaka 1965 lilikuwa gari lililokwisha kutumika kwenye mashindano kabla hajalishika, kwa hivyo uchakavu peke yake haukuambii lolote. Gari lenye ushahidi wa namna hiyo msilivunje, hata likiwa limeoza. Uzeni zima, kwa mtu anayejua anachonunua.

Jambo jingine linalosahaulika: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Kwa hivyo 504 ikivunjwa leo hapa, hutaagiza nyingine kesho kutoka Ufaransa ije izibe pengo. Kila inayokatwa inapunguza hesabu ya nchi nzima. Nawaambia hivyo wateja, ingawa mimi ndiye nitakayekuwa na vipuri vya kuuza.

Orodha ya safu tatu

Chukua daftari, zunguka gari lote, ndani na nje. Safu ya kwanza andika kilichopo na kizima. Ya pili, kilichokosekana lakini kinapatikana hapa mjini: breki, bushi, kabureta, klachi, radieta, gasketi, nyaya. Ya tatu ni kilichokosekana na ambacho hakipatikani Kirinyaga Road wala Kariobangi: vioo vilivyopinda, glasi za taa za nyuma, vipande vya kromu, mipira ya milango, dashibodi isiyopasuka, vitasa, nembo. Safu ya pili isikutishe hata ikijaa kurasa mbili. Safu ya tatu ikizidi vitu vichache, tafuta bei zake nje ya nchi, ongeza usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 16, halafu uone kama bado una hamu. Wengi huishia hapo, na hakuna aibu.

Hesabu ya kuvunja nayo ifanywe kwa ukweli. Watu hujumlisha bei ya kila kipuri wanayoiona dukani kwangu, wanapata jumla ya kupendeza. Bei yangu ina kodi ya duka na miaka ya kungoja ndani yake. Vinavyoondoka haraka ni giaboksi, difu, milango, taa na boneti. Viti vilivyochanika, nyaya, paneli zilizogongwa na bodi tupu vitakaa uani kwako, na majirani wataanza kunung'unika. Mwisho bodi itauzwa kwa kilo. Saluni nzima ina uzito wa tani moja na kitu, lakini ukishatoa injini, vioo na magurudumu, chuma kilichobaki hakitalipa hata karo ya muhula. Na mnunuzi wa chuma awe na leseni. Chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 biashara hiyo ina masharti, na hutaki jina lako kwenye risiti ya mtu asiye nayo.

Mkiwa bado mnabishana

Kuliacha chini ya mwembe huku familia ikijadiliana ni kulivunja pole pole bila kulipwa. Toa petroli yote iliyolala, ondoa betri, mimina oili kidogo kwenye kila tundu la plagi. Usilishtue kwa betri ya gari lingine. Likae na oili siku kadhaa, kisha zungusha injini kwa spana, taratibu, uone kama inageuka. Liinue juu ya stendi ili magurudumu yapumue. Turubai la plastiki lililobana ni adui, linafungia unyevu ndani, na mvua ndefu za Machi hadi Mei zitamaliza kazi. Bora mabati manne juu ya nguzo, pande zikiwa wazi. Tega panya. Panya amekula nyaya nyingi kuliko kutu.

Na kabla ya kura ya mwisho, nendeni mwone wenzenu. Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, hufanyika uwanja wa farasi wa Ngong, ilianza mwaka 1970, na ni mahali pa kukutana na watu wanaolala wakiota gari mlilonalo. Wengi wao wananunua zima, lisiloendeka, na wanalipa zaidi ya mtu wa skrepa. Njia hiyo ya tatu, kumwachia gari mtu mwenye uwezo, ndiyo ninayoipenda zaidi, ingawa mimi huambulia kikombe cha chai tu.

Kama imeamuliwa livunjwe

Livunjwe kwa spana, si kwa moto. Gesi ya kukatia inaua bolti, mipira na rangi, na kipuri kilichokatwa hakuna anayekitaka. Piga picha ya kila sehemu kabla ya kuifungua. Bolti za kila kitu ziingie kwenye mfuko wake wenye jina. Vioo vitoke kwanza, kabla mtu hajaegemea. Na kama kuna mwenye gari kama hilo anayelijenga, mpigie yeye kabla yangu. Mara nyingi bodi nzima ya mmoja na vyuma vizima vya mwingine hutoa gari moja linaloingia barabarani.

Mwisho, logibuku. Gari likishavunjwa, toeni taarifa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, lifutwe kwenye rejista, na mrudishe logibuku na bamba za namba. Atakuja mtu mwenye heshima na pesa taslimu, hatataka mlango wala injini. Atauliza kama logibuku na kile kipande cha chuma chenye namba ya chesisi vinauzwa. Vitavalishwa gari la wizi. Mfungie geti, kisha uandike namba ya gari alilokuja nalo.