Snokoling Kigoma: fuata mawe, achana na mchanga

Watu wakisikia snokoling (kuelea uso chini na maski na bomba la kupumulia, unatazama samaki) wanawaza Mafia na Zanzibar tu, wakati Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa sato na karibu wote hao hawapo sehemu nyingine yoyote duniani. Matumbawe hatuna, tuna mawe, na hayo mawe ndo mtaa wao.

Kwa hiyo ukifika usijitupe pale penye mchanga mzuri wa kupigia picha, utaona maji tu. Tembea mpaka ufukwe unapoishia kwenye majabali, ingia pembeni yake, mita moja mpaka tatu kwenda chini inatosha kabisa. Halafu tulia. Usipige piga miguu, elea tu uso chini, maana hawa samaki wengi wana jiwe lao na wanalilinda, ukifika kwa fujo wanajificha, ukitulia kidogo wanatoka kuendelea na shughuli zao, wengine wanakwangua ule ukijani kwenye mawe, wengine wanafukuzana, na ukiwa na jicho utamwona mama anatema vitoto mdomoni na hatari ikija anavirudisha, aisee hapo ndo utasahau kurudi nchi kavu.

Maski na bomba la kupumulia njoo navyo kabisa, usitegemee kuvikuta huku. Kuipima maski ni rahisi, ibandike usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, ikishika bila kudondoka hiyo ni yako (wenye ndevu mtapata shida kidogo, maji yanapenyea hapo). Kabla ya kuingia itemee mate kwa ndani, suuza, haitaweka ukungu. Vaa shati la mikono mirefu, jua linachoma mgongo bila wewe kujua, na viatu vya kuingilia majini kwa sababu mawe yanateleza balaa. Alafu kumbuka maji baridi hayakubebi kama ya chumvi, kama sio mwogeleaji mzuri vaa laifu jaketi, hakuna wa kukucheka.

Wa kuanza aende ufukwe wa Jakobsen, upande wa Katonga, bodaboda wanapajua. Ukitaka fukwe ambazo hazina hata kibanda, nenda Kibirizi, kule boti za abiria zinapandisha kaskazini kupita Gombe mpaka Kagunga, au ongea na mvuvi akupeleke. Bei, mafuta na saa ya kukufuata mmalizane kabla hamjaondoka, sio mkiwa katikati ya ziwa. Beba maji ya kunywa, chakula na dawa ya kidonda, huko duka hamna. Gombe na Mahale ni hifadhi za taifa, huko unalipa kiingilio na unafuata maelekezo ya askari.

Ukishuka kijijini salimia kwanza, wazee wape shikamoo yao, halafu waulize kina mama wanaofua pale wapi panaogeleka, wao ndo wanajua mamba alionekana wapi. Midomo ya mito kaa nayo mbali kabisa, kuna mamba, kuna kiboko, na mvua zikinyesha ni tope tupu huoni kitu. Msimu mzuri ni kiangazi, Mei mpaka Oktoba, ila kusi ikivuma ziwa linachafuka, kwa hiyo ingia asubuhi mapema na mawimbi yakianza kupiga mawe toka. Usiingie peke yako. Na ukiona nyavu zungukia mbali, ni hatari kwako na ni riziki ya mtu.

Kuhusu kichocho, ziwani kipo, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani karibu na makazi, huku kwenye majabali hatari ni ndogo lakini ipo. Mwezi mmoja na nusu au miwili baadaye nenda kapime na mwambie daktari wazi kwamba uliogelea Tanganyika, dawa yake ni praziquantel na ipo.