Dodoso la fani si mtihani: namna ninavyolitumia kabla ya selform

Mwalimu mwenzangu wa unasihi, kabla wanafunzi wa kidato cha nne hawajajaza selform, yaani fomu ya kuchagua vyuo na tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano), mimi natumia dodoso la O*NET la Wizara ya Kazi ya Marekani, toleo fupi lenye maswali 60. Ni la bure. Linapima mtoto anapenda nini, basi. Akipata alama za juu upande wa utafiti, usimwandikie PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kwa sababu hiyo. Kuiweza fizikia utakuona kwenye daftari lake.

Kabla ya kugawa karatasi, waeleze dodoso ni la nini, nani atayaona majibu, na kwamba asiyetaka kulijaza hapotezi kitu. Rudia hilo la mwisho. Mwanafunzi wetu akipokea karatasi mkononi mwa mwalimu anaanza kutafuta jibu sahihi, na atakujibu anachodhani unataka kusikia. Ndiyo maana siweki saa ukutani wala sizunguki katikati ya madawati.

Kazi kubwa iko kwenye maswali yenyewe. Lipo la kununua na kuuza hisa na hatifungani, lipo la kutengeneza jedwali kwa programu ya kompyuta. Binti wa shule ya kata ambaye kompyuta ameiona ikiwa imefungiwa ofisini kwa mkuu atajibu "sipendi", kisha hesabu itoke kwamba kazi za ofisi hazimfai. Kwa hiyo nawaambia waweke nukta pembeni ya kila shughuli ambayo hawajawahi kumwona mtu akiifanya. Nukta zikiwa nyingi sijumlishi chochote. Namwita tuzungumze, na nikipata mhasibu wa SACCOS au fundi wa jirani aje darasani, huyo ananisaidia kuliko dodoso. Wasichana nawaangalia zaidi kwenye maswali ya ufundi: wengi wanakataa kabla hawajamaliza kusoma sentensi.

Alama zijumlishe mbele ya mwanafunzi mwenyewe. Dodoso linagawa mapendeleo katika makundi sita, kama ufundi, utafiti na kazi za ofisi. Makundi hayo yanatokana na kazi ya mwanasaikolojia John Holland, na watu wengi huangukia mawili au matatu kwa pamoja. Tofauti ya alama mbili isikufanye umpe mtoto jina la kundi.

Usibandike matokeo ubaoni, wala yasipangie mtu mkondo. Mkuu akiyahitaji, mpe jumla ya darasa bila majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, na shule haijaachwa nje. Mzazi akija na lake, "Mwalimu, karatasi inasemaje, atakuwa daktari?", mkaribishe, muite mtoto, mketi watatu. Mtoto ndiye aeleze.

Madodoso ya kulipia usiyadurufu.

Mwisho tandaza mezani orodha ya tahasusi, maana tangu 2024 zimefika 65 na wengi bado wanazijua zile za zamani tu, pamoja na kozi za VETA na vyuo vya kati. Weka na ripoti za mihula iliyopita. Kalamu ya selform aishike mtoto mwenyewe.