Jinsi ya kukagua ripoti ya fildi unayohisi imenakiliwa mtandaoni

Ripoti za fildi zimeanza kumiminika mezani, na mwalimu mwenzangu wa chuo jirani hapa Moshi alinijia na fungu lake akiwa na swali moja: nitajuaje hii kaiandika mwenyewe? Tulikaa nazo mchana kutwa. Naweka hapa njia tuliyoifuata, kwa sababu walimu wengi siku hizi wanaegemea programu ya kukamata akili unde peke yake, na wanafunzi wasio na hatia wanaumia.

Hatua ya 1: Isome kama mwenyeji

Kabla hujagusa kompyuta, isome ripoti yote kama mtu anayekijua kijiji kile. Mwanafunzi anayetafuta desa la haraka mara nyingi huangukia maandishi ya Kenya, kwa kuwa ni majirani na mazingira yanafanana. Anabadilisha jina la mahali, mengine anayasahau. Moja ya ripoti zile ilihusu AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa Kibosho, lakini katikati serikali ya kaunti ikawa inagawa ruzuku ya mbolea. Kibosho haina kaunti, ina halmashauri ya wilaya. Chini kidogo wakulima wanapeleka kahawa kiwandani kumenywa, kama wasemavyo Wakenya, ilhali mkulima wa huku atakwambia anaipeleka CPU, yaani mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa. Nyingine zinatoka mbali zaidi: mashine kubwa zinapita shambani zikivuna, mambo ya Brazil, wakati kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, mbuni uko chini ya migomba na kahawa inachumwa kwa mkono.

Weka alama ya penseli pembeni. Usihukumu bado.

Hatua ya 2: Tafuta sentensi Google

Chagua sentensi ambayo si ya kila mtu, yenye maneno manane hadi kumi, uiweke ndani ya alama za kunukuu. Google itatafuta maneno yale yale kwa mpangilio ule ule. Usipoteze muda na sentensi za utangulizi, hizo zinafanana dunia nzima. Kama maneno yamebadilishwa hutapata kitu. Hapo tafuta takwimu na majina, maana anayebadilisha maneno kwa kawaida huacha tarakimu kama zilivyo. Michoro na picha zipitishe Google Lens, inayotafuta kwa kutumia picha.

Hatua ya 3: Angalia historia ya faili, taratibu

Omba faili lenyewe, si PDF wala karatasi. Kama ni la Word, fungua menyu ya File kisha Info: utaona jina la mwandishi, tarehe faili lilipoundwa na muda wote wa kuhariri. Ripoti ya kurasa 40 yenye dakika 12 za kuhariri inashtua. Lakini hapa ndipo pa kwenda polepole kuliko kwingine kote, kwa sababu ndipo mwalimu anapoweza kumwonea mtu akidhani ameshika ushahidi.

Wanafunzi wetu wengi hawana kompyuta mpakato. Anaandika kwa mkono kwenye kauntabuku, anaipeleka steshenari, dada wa pale anamchapia kwa bei ya kila ukurasa. Jina utakalolikuta ni la steshenari, au la fundi aliyeitengeneza kompyuta ile. Mwingine anaandika kwenye simu, anajitumia vipande kwa WhatsApp, siku ya mwisho anavibandika vyote kwenye Word: dakika ni chache na kazi ni halali kabisa. Yupo pia anayeomba faili la rafiki ili afuate mpangilio wa vichwa na kurasa, anafuta ya ndani na kuandika yake, jina la rafiki linabaki. Na muda mrefu nao hausafishi mtu, maana faili likiachwa wazi mwenyewe akienda kula, dakika zinaendelea kuhesabiwa.

Kwa hiyo muulize aliandikia wapi, na umuulize kabla hujamwonyesha ulichokiona. Akisema kauntabuku, aje nayo. Rasimu ya kweli ina maneno yaliyokatwa, mishale, hesabu za pembeni, kalamu mbili tatu tofauti. Iliyoandikwa baada ya kuitwa ofisini huwa safi mwanzo hadi mwisho, kwa wino mmoja. Akisema simu, aifungue yeye mwenyewe mbele yako akuonyeshe ujumbe na tarehe zake. Usiipokee simu ya mwanafunzi ukaanza kupekua. Akisema alichapiwa lakini rasimu ameitupa, hilo peke yake si kosa, nenda moja kwa moja hatua ya 6. Na usisahau rafu ya idara: kuna steshenari zinazotunza ripoti za miaka ya nyuma na kuziuza, na hizo huzipati kwa Google. Linganisha na za AMCOS hiyo hiyo zilizowahi kuletwa.

Mimi napendelea Google Docs kuliko Word kwa jambo hili, na sioni hata cha kushindanisha. Historia ya matoleo inaonyesha maandishi yalivyokua siku kwa siku. Aya zikiwa zinaongezwa na kurekebishwa, unamwona mtu akifikiri. Kurasa 15 zikitokea kwa mkupuo mmoja, una la kuuliza, ingawa hata hapo anaweza kuwa amebandika kutoka kwenye simu. Mwambie akupe ruhusa ya kuhariri. Ukipewa ya kutazama tu, historia hutaiona. Tumia kompyuta, ni rahisi kuliko simu.

Hatua ya 4: Programu za kukamata akili unde ziache

OpenAI, wenye ChatGPT, walitoa programu yao ya kutambua maandishi ya akili unde, wakaifunga Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu 7 za aina hiyo kwa insha za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Sasa fikiria kijana wa Rombo aliyekutana na Kiingereza cha kufundishiwa kidato cha kwanza, anayeandika kwa sentensi fupi na maneno machache anayoyaamini. Asilimia inayotokea kwenye kioo chako haimjui. Usiipeleke kwenye kikao cha nidhamu.

Hatua ya 5: Marejeo

Chukua matatu, yatafute Google Scholar. ChatGPT huweza kutunga makala ambayo haipo, ikaipa mwandishi na mwaka. Makala isipopatikana, mwombe mwanafunzi ailete.

Hatua ya 6: Mwite mzungumze

Dakika 10 zinatosha. Awepo mwalimu wa pili, na lugha iwe Kiswahili, kwa sababu unapima kama alikuwepo, hupimi Kiingereza chake. Acha maswali ya nadharia. Muulize mkulima akifika na kahawa inapimwa wapi, nani anaandika kwenye daftari, stakabadhi inabaki kwa nani, katibu meneja alikuwa akimpa kazi gani asubuhi. Aliyekuwepo ataanza kukusimulia hata usiyomuuliza. Asiyekuwepo atarudia aya za ripoti. Kisha fungua pale ulipoweka penseli: "Kaunti hii ni ipi?" Mwache ajibu, usimmalizie sentensi. Andika majibu yake, asaini, nawe usaini.

Akikiri kwamba alikwenda fildi ila uandishi ndio ulimshinda, mimi humrudishia aandike upya kwa kutumia kumbukumbu zake za kila siku, na alama za uandishi napunguza kwa utaratibu wa chuo. Asiyekwenda kabisa ni suala la idara.

Kwa kundi linalofuata, kabla hawajaondoka, waambie daftari la kila siku ligongwe muhuri na msimamizi wa kituo kila Ijumaa, na liwasilishwe pamoja na ripoti.