Hati ya nyumba au wadhamini wawili? Namna ya kuchagua mkopo wa biashara ndogo

Nilipokuwa afisa mikopo hapa Morogoro, wengi waliokaa mbele ya meza yangu walianza na swali hilohilo: "Kaka, ule usio na dhamana upo?" Sikuwalaumu. Nani anapenda hati ya nyumba yake ikae kwenye kabati la mtu mwingine? Siku hizi nipo upande wao, nawasaidia wafanyabiashara wa sokoni kupanga hesabu kabla hawajaenda kukopa, na ninachoanza kuwaambia ni kwamba mkopo usio na dhamana kabisa ni nadra kuuona.

Isome fomu. Huo unaoitwa hauna dhamana mara nyingi unataka wadhamini wawili, barua ya serikali ya mtaa na orodha ya vitu vya ndani. Afisa anakuja nyumbani na kalamu yake, anazunguka sebuleni: televisheni inchi 32, sofa seti moja, friji, jiko la gesi. Kila kitu kinaandikiwa thamani, unatia sahihi chini, na mwenza wako naye anatia. Fomu hizo nimezijaza kwa mkono wangu. Hiyo ni dhamana, ila haina kiwanja. Kwenye mkopo wa kikundi dhamana ni wenzako: mmoja asipoleta rejesho, mnachanga. Kwa hiyo ukiwa mbele ya afisa uliza hivi: nikishindwa kulipa, nani atabeba, na atapoteza nini?

Halafu angalia kazi ya hiyo pesa. Dada anayeuza mchele, anayemaliza mzigo ndani ya wiki mbili, hana sababu ya kupeleka hati benki kwa ajili ya milioni mbili. Kuna gharama ya mthamini, wakili, kusajili rehani na bima, na kuna kusubiri. Jibu linaweza kutoka bei ya mchele imeshapanda. Huyo mkopo mfupi wa wadhamini unamfaa hata kama riba yake ni kali, maana pesa yake inazunguka haraka.

Anayenunua mashine ya kusaga ni habari nyingine. Pigeni hesabu nami. Tanzania, wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, wale wa daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wamewekewa na Benki Kuu ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Chukua 3,000,000 kwa miezi sita. Riba ikipigwa kila mwezi juu ya mkopo wote, ni 105,000 kwa mwezi, jumla 630,000, na rejesho lako ni 605,000 kila mwezi. Riba ikipigwa juu ya salio linalobaki, kwa kiwango kilekile, jumla inashuka hadi karibu 378,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni robo milioni! Usiondoke mezani hujajua wanatumia hesabu ipi. Vyovyote iwavyo, mashine inayokuachia faida ya laki mbili kwa mwezi haiwezi kulipa rejesho la laki sita. Hapo unahitaji mkopo wa miaka, na mkopo wa miaka ndio unaokuja na dhamana.

Lakini dhamana si lazima iwe nyumba. Uliza kwanza kama kitu unachokinunua chenyewe kinakubalika. Pikipiki na bajaji watu wanazikopea hivyo kila siku: kadi inabaki kwa mkopeshaji mpaka umalize. Ukishindwa unapoteza chombo, watoto wanabaki na pa kulala. Mimi ningeanzia hapo kila mara. Na kama mko kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu, ulizeni halmashauri ile mikopo inayoitwa ya asilimia 10. Hiyo asilimia ni sehemu ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inaitenga kwa vikundi; mikopo yenyewe haina riba.

Ikibidi nyumba, basi jua mambo yake. Mkopeshaji haangalii bei ambayo jirani aliuzia ya kwake. Anaangalia bei ya kuuza kwa haraka, ambayo iko chini zaidi. Usiweke hati ya nyumba ya milioni 60 kwa mkopo wa milioni tano kama una kitu kidogo cha kuweka, kwa sababu hati yote inafungwa, na kesho ukitaka kuikopea kwingine utasota. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka hivyo, na anayekushauri "mama asijue" anakutafutia kesi. Nyumba ya urithi ambayo mirathi haijakamilika usiiguse. Ukichelewa kulipa, mkopeshaji lazima akupe notisi ya siku 60 kabla hajaiuza. Siku hizo zitumie kwenda kuzungumza naye upangiwe upya marejesho. Usizime simu.

Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kunyonya, sina maneno mengi. Anayetaka umwachie kadi ya benki na namba ya siri, nyanyuka uende zako.

Jambo la mwisho ni la siku ya rejesho la mwisho, na watu wengi hulisahau kwa furaha. Dai barua ya kumaliza mkopo, kisha hakikisha rehani imefutwa kwa msajili wa hati. Kurudishiwa karatasi mkononi hakutoshi, kwa sababu kwenye daftari la msajili nyumba inaweza kuendelea kusomeka ina deni, na utakuja kulijua hilo siku mnunuzi amekaa sebuleni kwako na pesa yake.