Lambalamba na ndizi za friza: vitafunio vya watoto siku za joto

Joto likizidi, watoto wangu watatu huacha kula. Sahani ya mchana hurudi jikoni karibu kama ilivyokwenda, na ikifika saa tisa wote wamesimama mbele ya friji, wanaufungua mlango na kuufunga. Mkubwa ana miaka saba, wa kati minne, kitindamimba ana mwaka na miezi miwili. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwapa barafu za kununua, zile zinazoacha ulimi mwekundu, mpaka siku niliposoma maandishi ya nyuma ya pakiti: maji, sukari, rangi, ladha. Tunda halikuwemo kabisa. Tangu hapo natengeneza mwenyewe, na jambo la kwanza nililojifunza ndilo ninalomwambia kila mzazi anayeniuliza: usichague tunda la kupendeza macho, chagua lililoiva hadi linanukia chumba kizima.

Sababu ni ubaridi. Ulimi uliopoa hausikii utamu sawasawa. Chukua embe moja, kula nusu likiwa la joto la kawaida, nusu nyingine iweke kwenye friji hadi jioni kisha uionje. Embe ni lile lile, lakini la jioni litaonekana limepungua sukari. Likigandishwa ndiyo kabisa. Ndiyo maana barafu tamu za kununua hujazwa sukari nyingi kiasi kile. Tunda lililoiva mno limekwisha kukufanyia kazi hiyo: ndizi, kwa mfano, huwa na wanga mwingi ikiwa mbichi, na kadiri inavyoiva wanga ule hugeuka sukari. Ndizi yenye madoa ya kahawia, ambayo mtoto anaikataa mezani, ndiyo mali kwenye friza.

Kuiva si kuoza, lakini. Likinuka uchachu kama pombe, au likiwa na ukungu, litupe. Tunda laini lenye ukungu usilikate upande ukabakiza upande, kwa sababu ukungu huwa umeingia ndani kuliko unavyoonekana kwa nje.

Ndizi

Kama utajaribu kitu kimoja tu katika haya yote, jaribu aiskrimu ya ndizi. Haina maziwa, haina sukari, na mtoto wa mwaka mmoja anaweza kuila.

Menya ndizi kabla ya kugandisha. Mara ya kwanza nilizitia na maganda yake, na kesho yake nikawa nakwangua ganda jeusi lililogandamana na nyama huku watoto wananisubiri. Zikate vipande vya unene wa kidole, zipange kwenye trei iliyotandikwa karatasi ya kuokea, kipande kisiguse kingine. Baada ya saa tatu au nne vitakuwa vigumu. Vihamishie kwenye mfuko, toa hewa, andika tarehe. Ukiviweka mfukoni vikiwa bado laini utapata bonge moja la ndizi ambalo hakuna blenda itakayolivunja.

Kwa sisi watano nachukua ndizi nne. Natia vipande kwenye blenda, naviacha dakika tano vipungue ukali, kisha nasaga kwa vipindi vifupi na kukomba kingo kwa mwiko. Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kwanza utaona makombo kama mchanga mnene, halafu mabonge, halafu kitu kama uji uliokataa kukorogeka. Vumilia. Usimimine maziwa bado. Kijiko kimoja kama blenda imekwama, basi. Ghafla yote hulainika na kung'aa kama aiskrimu ya kweli. Ndizi haina maji mengi kama matunda mengine na ina nyuzi laini zinazoshikana, ndiyo maana hailetagi vipande vya barafu kinywani.

Kula papo hapo. Unaweza kuongeza kijiko cha kakao, au kijiko cha siagi laini ya karanga ikiwa mtoto amekwisha kuionja siku nyingine na haikumdhuru. Mimi hupenda kuchanganya nusu ndizi, nusu embe lililogandishwa. Wa kati anataka kakao, kila mara, na hataki mabadiliko.

Lambalamba

Kwa vijiti sita au saba, chukua vikombe viwili vya rojo la embe, nusu kikombe cha maji, vijiko viwili vya maji ya limau na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, uiache kama na mtoto wa chini ya mwaka atalamba. Saga, chuja kama embe lina nyuzi. Sasa onja. Mchanganyiko uwe mtamu kidogo kuliko ambavyo ungependa kuunywa, kwa maana utamu utapungua ukiganda. Ukiona haujafika, ongeza ndizi iliyoiva badala ya sukari.

Jaza vikombe vya lambalamba, ukibakiza nafasi ya nusu kidole juu: maji yakiganda huongezeka ukubwa, na ukijaza pomoni yatafurika. Usichomeke vijiti mara moja. Subiri kama saa moja hadi rojo lianze kushika, ndipo kijiti kitasimama wima. Acha usiku kucha. Kutoa, zungushia kikombe maji ya vuguvugu kwa sekunde kumi au ishirini, kisha vuta taratibu bila kuzungusha. Kama huna vikombe maalumu, vikopo vya mtindi vinatosha kabisa.

Kisha, kabla ya kumpa mtoto, iache lambalamba dakika mbili nje. Ikitoka moja kwa moja kwenye friza inaweza kunata kwenye ulimi na midomo, na mtoto mdogo akivuta kwa hofu hujiumiza.

Tikiti maji linahitaji akili zaidi. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi zake ni maji, kwa hiyo likigandishwa peke yake hutoa jiwe la barafu lenye rangi. Lichanganye na kitu kizito: stroberi zilizoiva, ndizi moja, au mtindi. Ninachokipenda mimi ni tikiti chini, likishika naongeza tabaka la mtindi mweupe juu, na stroberi moja iliyokatwa nyembamba ubavuni ili ionekane.

Wakati tukisubiri vigande, mkubwa wangu huniomba tena kisa cha Frank Epperson, mtoto wa Marekani ambaye mwaka 1905, akiwa na miaka 11, aliacha nje kikombe cha maji yenye unga wa kutengenezea kinywaji cha soda na kijiti cha kukorogea ndani yake. Usiku ukawa wa baridi, asubuhi akakuta kimeganda kwenye kijiti. Mwaka 1924, akiwa mtu mzima, akapewa hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, ya kitu hicho. Mwanangu anachokifurahia ni kwamba mgunduzi alikuwa mtoto, na kwamba hakukitengeneza kwa kukusudia.

Mtindi wa kuvunja na jeli

Siku nisiyo na nguvu za kuosha blenda, natandaza mtindi mzito usio na sukari kwenye trei yenye karatasi, unene wa nusu sentimita, nausambazia matunda yaliyokatwa kisha nagandisha saa tatu au nne. Ukivunjwa kwa mkono hutoa vipande vya kila umbo. Huyeyuka upesi, kwa hiyo toa vya kuliwa sasa tu.

Kwenye jeli kuna tahadhari moja ambayo ningependa mtu angeniambia mapema. Nanasi bichi, papai bichi na kiwi vina vimeng'enya vinavyokatakata protini, na jelatini, ile inayoifanya jeli ishike, ni protini. Ukivitia, jeli haitashika hata ukiisubiri siku mbili; mimi niliisubiri usiku mzima, asubuhi ikawa bado maji, na watoto walikuwa wameahidiwa. Ninaposema bichi nina maana lisilopikwa, hata kama limeiva. Chemsha vipande dakika chache kwanza, au tumia nanasi la kopo ambalo limekwisha kupitishwa kwenye moto. Asiyetumia jelatini kwa sababu hutokana na wanyama, atumie agari ya mwani. Hiyo lazima ichemke hadi iyeyuke yote, nayo hushika hata nje ya friji.

Kukata kwa ajili ya mdogo

Wa kati alipokuwa na miaka miwili alipaliwa na zabibu nzima. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Hakulia, hakukohoa, na ule ukimya ndio ulionigeuza. Nilimwinamisha nikampiga mgongoni kati ya mabega na zabibu ikatoka, lakini mikono yangu ilitetemeka hadi usiku. Kwa hiyo kwenye sehemu hii sitaki kupita haraka.

Zabibu ni duara, inateleza, na ukubwa wake unalingana na njia ya hewa ya mtoto, kwa hiyo inaweza kuziba kama kizibo cha chupa. Hadi afike miaka mitano, ikate kwa urefu mara mbili, upate robo nne. Kuikata katikati kwa upana hakusaidii, bado ni duara. Nyanya ndogo na cheri ni hivyo hivyo, na cheri itolewe kokwa. Kugandisha hakubadilishi kitu: zabibu iliyogandishwa ikiwa nzima ni hatari zaidi maana ni ngumu.

Tofaa bichi ni gumu kwa asiye na magego. Likwangue kwa kikwangulio, au lichemshe hadi liweze kupondwa kwa uma. Tikiti litolewe mbegu. Bisi na karanga nzima zisubiri. Siagi ya karanga ipakwe nyembamba, usimpe kijiko kilichojaa. Asali usimpe kabisa aliye chini ya mwaka mmoja, hata ncha ya kidole, hata ndani ya lambalamba, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu, ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia.

Na aketi. Kila kinachoingia kinywani kiliwe mtoto akiwa amekaa na mtu mzima akimtazama. Kijiti cha lambalamba na kukimbia haviendi pamoja. Kwa kitindamimba hata kijiti simpi. Namkwangulia lambalamba kwenye bakuli, anakula kwa kijiko, na nusu inaishia kifuani.

Kuhusu usafi nitasema kwa ufupi. Osha tikiti kabla ya kulikata hata kama ganda huliwi, kwa kuwa kisu hupita nje kikaingia ndani na uchafu wote. Matunda yaliyokatwa yasikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 yasizidi saa moja. Tukitoka, yangu husafiri kwenye chombo chenye kifuniko juu ya chupa ya maji iliyogandishwa, na chupa ile ndiyo tunayoinywa wakati wa kurudi.

Juisi naitoa kidogo tu. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri asiyefikisha mwaka asipewe kabisa, na wa miaka mmoja hadi mitatu asizidishe mililita 120 kwa siku. Tunda zima lina nyuzi, linamshibisha, na linampa kazi ya kutafuna.

Mtoto anayekataa

Wa kati hakutaka papai. Nilikuwa nikiweka kipande kimoja kidogo kando ya sahani yake, bila kumsihi wala kumsifu, na kilirudi. Watoto wengi huhitaji kukutana na chakula kipya mara nane, kumi, hata zaidi, kabla hawajakikubali, na kuonja tu kwa ulimi kunahesabika. Kilichombadilisha ni kumpa kisu cha plastiki na ndizi laini akate mwenyewe kwenye kibao kilekile nilichokuwa nakatia papai. Alikula kipande bila kuniangalia. Nami nikaendelea kukata.

Mwisho wa juma hubaki mabaki: lambalamba iliyovunjika, rojo kidogo chini ya blenda, robo ya chungwa. Nasaga yote pamoja, namimina kwenye trei ya vipande vya barafu, na wiki inayofuata kila mmoja anadondosha viwili kwenye bilauri yake ya maji na kutazama rangi ikishuka.